Uzi maalumu: Kudhibiti sukari ya damu kwa sahani, mwendo na usingizi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Katika kliniki ya sukari ninayofanyia kazi kama afisa lishe, hapa Tanzania, hakipiti kipindi kirefu bila kukutana na mgonjwa anayesema kwa uhakika kwamba ameacha sukari kabisa: chai anakunywa bila sukari, soda haigusi, na hata keki kwenye harusi ya mwanawe hakuionja. Kisha mashine inasoma 14, naye anaondoka akiamini kwamba dawa alizopewa hazina nguvu. Uzi huu nimeuandika kwa ajili ya mtu huyo na kwa ajili ya wanaompikia, kwa sababu sehemu kubwa ya sukari inayoonekana kwenye mashine haitoki kwenye kopo la sukari. Inatoka kwenye wanga wa mezani, yaani ugali, wali, chapati, uji, muhogo, viazi na ndizi, na hasa kwenye kiasi chake, saa unapoliwa, na kile tunachokifanya mara tu baada ya kunawa mikono.

Tuanze na mwili unavyofanya kazi, kwa ufupi. Wanga ukishameng'enywa huwa glukosi, nayo huingia kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo huiwezesha misuli kuichukua glukosi hiyo na huliamuru ini lipunguze ile linayoitengeneza lenyewe. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana insulini ya kutosha kuishi, kwa hiyo sindano kwake ni uhai, na hakuna chakula wala zoezi linaloweza kuchukua nafasi yake. Mwenye aina ya pili, ambao ndio walio wengi, insulini anayo, lakini mwili wake umekuwa sugu kwayo na kongosho linaendelea kuchoka kwa kulazimishwa kutoa zaidi na zaidi. Mengi nitakayoyaeleza yanamhusu huyu wa pili, pamoja na yule aliyeambiwa kwamba sukari inamnyemelea.

Namba chache ni za lazima, na zile za sukari ya damu nazitaja kwa kipimo cha mmol/L. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7.0 au zaidi ni kisukari, na ikiwa kati ya 6.1 na 6.9 mtu yuko kwenye eneo la hatari. Kipimo cha HbA1c, ambacho wengi wanakiita kipimo cha miezi mitatu, kikifika asilimia 6.5 nacho kinaonyesha kisukari. Kwa asiye na dalili, jibu moja halitoshi. Kipimo hurudiwa siku nyingine kabla ya kuamua. Kwa mtu mzima ambaye tayari anatibiwa, lengo ambalo madaktari wengi hulitumia ni 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 saa moja au mbili baada ya kuanza kula. Mama mjamzito hupangiwa malengo makali zaidi, na mzee sana hupangiwa yaliyolegea zaidi, kwa hiyo kila mmoja aulize lake. Wenye mashine zinazosoma kwa miligramu wagawanye kwa 18 wapate namba hizi ninazozitaja.

Sasa tuje kwenye ugali, maana hapo ndipo penye kazi. Unga mkavu wa mahindi, gramu 100, una wanga wa gramu 75 hadi 80. Chukua robo kilo ya unga, usonge ugali, ugawe kwa watu wawili wazima, jambo ambalo katika nyumba nyingi linaonekana la kawaida kabisa. Kila mmoja amepata wanga unaozidi gramu 90. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi. Maana yake ni kwamba mtu aliyekataa vijiko viwili vya sukari kwenye chai ya saa nne amekula saa saba mchana wanga unaolingana na vijiko zaidi ya 20, na wote huo utakuwa glukosi ndani ya damu. Simlaumu, kwa sababu hakuna aliyemweleza. Aliambiwa tu "acha vitu vitamu", na ugali si mtamu.

Hapo ndipo linapoingia suala la dona. Wagonjwa wengi wameshauriwa waache sembe wale dona, na ushauri huo ni mzuri kwa sababu dona limebaki na pumba na kiini, hivyo lina nyuzinyuzi, madini na vitamini zaidi. Tatizo ni kwamba ushauri umegeuka kuwa ruhusa ya kula bila kipimo. Kiasi cha wanga katika dona hakipishani sana na kile cha sembe, na likisagwa laini sana kasi yake ya kupandisha sukari haiko mbali na ya sembe. Hali ni hiyo hiyo kwa ugali wa mtama, ulezi na muhogo. Badilisheni unga, lakini punguzeni donge kwanza. Kipimo ninachowafundisha watu ni ngumi: ugali au wali uliopikwa, ukubwa wa ngumi yako wewe mwenyewe, si ngumi ya mwanao mcheza mpira. Robo ya sahani iwe ya wanga huo, robo nyingine iwe ya kitoweo, kama samaki, dagaa, mayai, kuku au maharage, na nusu nzima ibaki kuwa ya mboga: mchicha, matembele, kisamvu, mnafu, sukuma wiki, kabichi, bamia, nyanya chungu, bilinganya. Mtu akilalamika kwamba hashibi, jibu langu huwa kwamba aongeze upande wa mboga na maharage, si upande wa ugali.

Uji unastahili aya yake. Uji wa lishe, uliochanganywa mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga na pengine ngano, unapewa wagonjwa kwa nia njema, lakini ni wanga uliosagwa laini, ukapikwa kwa maji mengi, na unanyweka bila kutafunwa. Tumbo halina kazi kubwa ya kufanya, na glukosi inaingia kwenye damu haraka. Mwambie mgonjwa apime kabla ya kunywa kikombe kikubwa cha uji na apime tena saa mbili baadaye, kisha siku nyingine afanye vivyo hivyo kwa mayai mawili ya kuchemsha, kipande kidogo cha kiazi kitamu na mchicha wa jana. Tofauti anayoiona mwenyewe kwenye mashine ina nguvu kuliko hotuba yangu yoyote.

Kinyume cha uji ni makande, au githeri kama wanavyoyaita ndugu zetu wa Kenya. Punje nzima za mahindi hutafunwa na kumeng'enywa polepole, na maharage yaliyomo yana protini na nyuzinyuzi zinazopunguza kasi. Jamii ya kunde kwa ujumla, yaani maharage, choroko, dengu, kunde, mbaazi na njugu mawe, ndiyo hazina yetu kubwa katika jambo hili, na ni ya bei ambayo watu wengi wanaimudu. Daktari David Jenkins wa Toronto, ambaye mwaka 1981 pamoja na wenzake walianzisha namna ya kupanga vyakula kwa kasi ya kupandisha sukari, alionyesha pia kwamba mtu akila dengu asubuhi, hata kwenye mlo unaofuata sukari yake haipandi sana. Mwenye kula mbaazi za nazi kwa mahamri asubuhi angefanya vizuri kuongeza mbaazi na kupunguza mahamri, na nazi nayo iwe ya kiasi kwa sababu ya mafuta yake.

Namna ya kupika nayo ina uzito. Kiazi kitamu kilichochemshwa hupandisha sukari polepole kuliko kile kile kilichochomwa au kuokwa. Ndizi mbichi za kupika zina wanga ambao sehemu yake haimeng'enywi kwa urahisi. Zikiiva wanga huo unageuka sukari. Chipsi zina tabia ya kuhadaa: mafuta huchelewesha mmeng'enyo, kwa hiyo kipimo cha saa mbili kinaweza kuonekana kizuri, kisha sukari ikapanda baadaye na kukaa juu kwa muda mrefu.

Kuhusu vinywaji nitakuwa mkali. Soda ya kawaida ya nusu lita hubeba sukari ya gramu 50 hivi, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe takribani gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku ili apate faida kamili. Juisi ya miwa na juisi ya embe, hata ikiwa ya kukamua nyumbani, haina nafuu kubwa kwa mwenye kisukari, kwa sababu maembe matatu ambayo usingeyamaliza kwa kuyala yanaingia kwenye glasi moja na kunywewa kwa dakika mbili. Asali na sukari guru ni sukari pia. Matunda yenyewe hayajakatazwa: chungwa moja, kipande cha papai, nusu ya embe, parachichi ambalo lina sukari kidogo sana, vyote vina nafasi yake vikiliwa vizima na kwa kiasi.

Kuna jambo la bure ambalo halihitaji kubadilisha chakula chochote, nalo ni mpangilio wa kula. Watafiti wa chuo cha tiba cha Weill Cornell, New York, walichapisha mwaka 2015 utafiti mdogo kwa wagonjwa wa aina ya pili waliokula chakula kile kile kwa mpangilio tofauti. Walipoanza na mboga na nyama, wakamalizia na wanga, sukari yao baada ya kula ilikuwa chini waziwazi kuliko walipoanza na wanga. Kwetu sisi mpangilio huo unahitaji kuzoea, kwa sababu tonge na mboga huenda pamoja, lakini hakuna kinachomzuia mtu kuanza na kachumbari, bakuli la mchicha na kipande cha samaki kabla ya kukata tonge la kwanza.

Jambo la pili la bure ni kutembea baada ya kula. Msuli unaofanya kazi huvuta glukosi kutoka kwenye damu hata pale insulini inaposuasua, na ndiyo sababu dakika 10 hadi 15 za kutembea mara baada ya mlo zina thamani kubwa kuliko zinavyoonekana. Katika Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, watafiti waliwapima wagonjwa wale wale walipotembea dakika 30 kwa siku saa yoyote na walipotembea dakika 10 baada ya kila mlo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba walipotembea baada ya kila mlo walikuwa na sukari ya baada ya kula iliyo chini kwa wastani wa asilimia 12, na baada ya mlo wa jioni kwa asilimia 22. Mlo wa jioni ndio mzito kwa familia zetu nyingi, na unafuatwa na kochi na taarifa ya habari. Asiyeweza kutoka nje usiku kwa sababu ya usalama anaweza kuosha vyombo, kufagia ua ulio ndani ya uzio, au kutembea sebuleni huku akizungumza kwa simu.

Mara nyingi huwa naulizwa kwa nini babu zetu walikula ugali mkubwa na hawakuugua. Utafiti wa Profesa Donald McLarty na wenzake, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima waliopimwa vijijini Tanzania, wakati uchunguzi wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Mbinu za tafiti hizo hazikufanana, kwa hiyo namba hizi zisilinganishwe kwa mstari ulionyooka, lakini mwelekeo wake haukataliki. Babu alipoweka ugali tumboni alikuwa ametoka kulima tangu alfajiri na alirudi tena jioni, akatembea kwenda mtoni, mnadani na msibani. Sisi tumerithi sahani yake, ila si jembe lake.

Usingizi unadharauliwa kuliko yote. Mwaka 1999 watafiti wa Chicago waliwaruhusu vijana wenye afya kulala saa 4 tu kwa usiku sita mfululizo, na uwezo wa miili yao kushughulikia sukari ukashuka kwa kiasi cha kutisha. Ongeza hapo mazoea ya mijini ya kula saa nne usiku, wakati ambapo mwili hauipokei sukari vizuri kama mchana, na utaelewa kwa nini wengi huamka na namba kubwa. Ipo pia sukari ya alfajiri, ambayo ini huitoa kwa amri ya homoni za kuamka hata kama mtu hakula kitu usiku. Msongo wa mawazo, malaria, jino bovu na maambukizi ya mkojo navyo huipandisha, kwa hiyo sukari ikipanda ghafla bila sababu ya chakula, tafuteni ugonjwa.

Kwa walio kwenye eneo la hatari nina habari ya kutia moyo kweli kweli. Jaribio kubwa la Marekani lililotoa matokeo mwaka 2002 liliwataka washiriki wapunguze asilimia 7 ya uzito na wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 kwa wiki. Waliofuata njia hiyo walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, na waliopewa metformin walipunguza kwa asilimia 31. Mwenendo ulishinda kidonge. Nisisitize tu kwamba si kila mwenye kisukari kwetu ni mnene. Wapo wembamba, na hao hawapaswi kukimbilia kupunguza uzito. Anayekonda bila kujaribu, huku ana kiu na anakojoa mara kwa mara, aende hospitali leo.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji: Mkuu, ahsante kwa uzi wenye shule. Nina mashine nyumbani lakini vile vijiti vya kupimia ni ghali, boksi moja linaisha kabla mwezi haujaisha. Je, nipime lini ili nisipoteze?

Mleta uzi: Mkuu, swali lako ni la wengi. Ukiwa hutumii insulini na hujawekewa ratiba na daktari, usipime ovyo kila unapojisikia wasiwasi. Chagua mlo mmoja wiki hii, mathalani wali wa mchana, upime kabla ya kula na saa mbili baada ya tonge la kwanza. Wiki ijayo ule wali huo huo nusu yake, uanze na mboga, utembee dakika 15, kisha upime tena kwa namna hiyo hiyo. Vijiti vinne hapo vimekufundisha jambo ambalo utalitumia miaka mingi. Nawa mikono kwa maji na sabuni na uikaushe kabla ya kujichoma, kwa sababu kidole kilichomenya embe au chungwa kinaweza kuleta namba ya kutisha isiyo ya kweli. Na ule mkebe uufunge mara moja, maana unyevu huharibu vijiti. Kama wewe au familia yenu mna selimundu, hali ambayo ni ya kawaida hasa Kanda ya Ziwa, mweleze daktari, kwa kuwa kipimo cha miezi mitatu kinaweza kutoa jibu lisilo sahihi.

Mchangiaji: Nimesikia kwamba wali wa kiporo haupandishi sukari. Mama yangu sasa anapika wali wa siku mbili kwa makusudi. Je, ni kweli?

Mleta uzi: Ndugu yangu, kuna ukweli ndani yake, lakini ni mdogo kuliko inavyosemwa. Wali ukipoa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya na kuwa mgumu kumeng'enywa, na haurudi wote katika hali ya awali hata ukipashwa moto. Wali uliokaa kwenye friji usiku kucha kisha ukapashwa umeonekana kupandisha sukari kidogo kuliko uliopikwa sasa hivi. Bado ni wali, na sahani mbili za kiporo zitampandisha mama kama kawaida. Kinachonitia hofu zaidi ni sufuria la wali linalolala mezani katika joto la Dar es Salaam au Mombasa. Kuna bakteria wanaostahimili kupikwa, huzaliana wali unapokaa kwenye joto, na sumu yao haiondoki kwa kupasha. Upozwe haraka, uwekwe kwenye friji mapema, na uliwe kesho yake. Asiye na friji asijaribu.

Mchangiaji: Assalaam alaykum. Niko Unguja, nina kisukari cha aina ya pili na natumia vidonge. Ramadhani nikifunga sukari hupanda kuliko siku za kawaida, jambo ambalo linanishangaza.

Mleta uzi: Waalaykum salaam, mama. Haishangazi tukiitazama meza ya futari: tende, uji wa sukari, kaimati, vitumbua, tambi, viazi vitamu vya nazi, muhogo wa nazi na ndizi mbivu za nazi, vyote jioni moja. Kila kimoja ni wanga, na kadhaa vimeongezwa sukari. Fungua kwa maji na tende moja hadi tatu, kunywa supu, kisha chagua kimoja tu katika vile vya nazi, kwa kipimo cha ngumi, pamoja na samaki na kachumbari. Vingine viwe vya kesho na keshokutwa. Swala ya tarawehe nayo ni mwendo mzuri kwa misuli. Daku ilete karibu na alfajiri iwezekanavyo, iwe na maharage au mayai na maji ya kutosha.

Lililo kubwa zaidi, mama, ni kumwona daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Vidonge kama glibenclamide vinaweza kuishusha sukari mno kwa mtu aliyefunga, hivyo dozi na saa zake hupangwa upya. Kwa muongozo unaotumiwa na madaktari, funga inavunjwa mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, au ukijisikia vibaya. Kujichoma kidole kupima hakufunguzi kwa kauli ya wanazuoni wengi, kwa hiyo pima mchana bila hofu. Wapo ambao dini yenyewe imewapa ruhusa ya kutofunga, na mtu asione unyonge kuitumia.

Mchangiaji: Kaka, mimi nimeacha vidonge tangu nianze mlonge, mdalasini na uwatu. Najisikia vizuri sana.

Mleta uzi: Kaka, nakuomba kwa dhati upime leo, usisubiri kujisikia. Sukari ya 12 au 13 inaweza kukaa mwilini miaka bila maumivu yoyote, huku ikiharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu. Mtu anakanyaga msumari hausikii. Uwatu una nyuzinyuzi nyingi na unaweza kusaidia kidogo, mlonge ni mboga nzuri ya majani, na mdalasini kwenye chai hauna ubaya kwa kiasi. Hakuna kati ya hivyo kilichothibitishwa kuchukua nafasi ya dawa. Wanaochanganya dawa za kienyeji na vidonge kimyakimya nao hujiweka hatarini kushuka sukari, kwa hiyo mtajie daktari kila unachokunywa.

Kuacha dawa kwa njia halali kupo. Jaribio la DiRECT la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2017, liliwachukua wagonjwa wenye uzito uliozidi ambao hawajafikisha miaka sita tangu wagundulike na hawatumii insulini. Kwa mpango mkali wa chakula uliosimamiwa na wauguzi na wataalamu wa lishe, asilimia 46 walikuwa nje ya kisukari bila dawa baada ya mwaka mmoja, na kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi walifika asilimia 86. Dawa ziliondolewa na madaktari, vipimo vikaendelea. Nenda kliniki uwaambie unataka kufika huko. Hilo ni ombi la heshima kabisa.

Mchangiaji: Baba yangu ana miaka 70 na zaidi, anatumia vidonge vya sukari, na usiku mmoja tulimkuta anatoka jasho jingi, anatetemeka na anaongea maneno yasiyoeleweka. Majirani walisema ni mambo ya kienyeji.

Mleta uzi: Pole sana. Dalili hizo kwa mtu anayetumia vidonge vya kushusha sukari au insulini ni za sukari kushuka mpaka ithibitike vinginevyo. Kama anaweza kumeza, mpeni mara moja vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari iliyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subirini dakika 15, mpime, na ikiwa bado chini ya 3.9 rudieni. Akishapata nafuu ale chakula kidogo chenye wanga. Akipoteza fahamu msimtie chochote mdomoni, kwa sababu kitaingia kwenye njia ya hewa. Mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali. Kesho yake daktari aangalie dawa zake upya, kwa kuwa wazee ambao figo zimepungua nguvu hubaki na dawa mwilini muda mrefu, na sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa. Ulizeni pia kama alikula usiku huo, na kama alikunywa pombe, kwani pombe hulizuia ini kutoa sukari ya akiba.

Mchangiaji: Mimi ni dereva wa lori, Dar hadi Tunduma. Nakula kwa mama ntilie, nalala vipande vipande, na sina muda wa mazoezi. Yote hayo nitayafanyaje?

Mleta uzi: Kaka, kwa mama ntilie una uhuru mkubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu anakupakulia mbele ya macho yako. Mwambie akupe wali nusu, maharage ya kujaza, mboga ya majani mara mbili, na samaki au nyama ya mchuzi badala ya ya kukaanga. Wengi hawaongezi bei kubwa kwa mboga. Soda ibadilishe iwe maji, na karanga za kuchoma au mayai ya kuchemsha viwe ndivyo vya kutafuna njiani, badala ya biskuti na mihogo ya kukaanga. Ukimaliza kula usipande moja kwa moja. Kagua matairi yote, kamba na turubai kwa mwendo wa haraka, uzunguke gari mara kadhaa, na dakika 10 zimepatikana. Kwenye mizani na foleni za Tunduma shuka utembee.

Ikiwa unatumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari, pima kabla ya kuwasha gari na tena kila baada ya saa mbili za safari. Ikiwa chini ya 5, kula kitu kwanza. Ukiona jasho, njaa ya ghafla au macho yanafifia ukiwa barabarani, egesha, zima gari, kunywa maji ya sukari au soda, na usiondoke hadi sukari irudi na zipite dakika 45 baada ya kurudi kwake. Pakiti ya glukosi iwekwe mahali mkono unapofika ukiwa umekaa, si nyuma kitandani.